Kielelezo P4

Ilikuwa chupa ya soda ya chungwa, lebo imebanduliwa kwa kucha,
kizibo kimekazwa kwa mpira wa dumu la maziwa.
Niliipokea mimi, masjala ya Mbeya, mwezi wa mvua,
nikaandika kitabuni: Maji. Nusu lita. Mdai wa pili.
Nikaipa namba, kama mtoto wa wodini
anayefungwa utepe mkononi kabla hajapewa jina.

Aliyeileta ni Anyelwisye, mkulima wa mbalaga,
ameshuka kutoka Rungwe na kanga mbili zilizolowa.
Akaniuliza, "Utaitunza?"
Nikasema, serikali hutunza.
Akanitazama vile mwenye nyumba anavyomtazama
mgeni anayesifia paa linalovuja.

Miaka mitatu.
Kila Ijumaa nilipangusa rafu
kati ya panga lenye kutu na mafaili ya mirathi.
Mwanzo maji yalikuwa rangi ya chai ya jana.
Kisha yakajitenga: juu weupe, chini tope la kijani,
katikati kitu kama uzi, ambacho mkemia
alikiandikia kurasa sita bila kukitaja.
Kijito kizima kilihamia kwangu
kikawa mpangaji asiyelipa, asiyelalamika.

Kesi ndogo iliambiwa isubiri kesi kubwa.
Kwanza ijulikane kama mkataba wa nchi za kanda,
ule uliosainiwa hotelini kwa kalamu za zawadi,
unapatana na katiba yetu:
kwamba mnywa maji aulizwe kabla hayajageuzwa,
aelezwe kwa lugha anayobembelezea mtoto,
na akisema hapana, asifuatwe usiku
na pikipiki isiyo na namba.
(Lugano, mdai wa kwanza, alifuatwa.
Siku hizi hutia sahihi kwa mkono wa kushoto.)
Mawakili wa kiwanda walisema kuuliza watu ni gharama,
wakaipigia hesabu, wakaigawia mahakama nakala.
Za ndoo hazikupigwa.
Ndoo ngapi, kilima kipi, kichwa cha nani.

Leo jopo limesoma. Kurasa tisini na moja.
Baridi ya Loleza imeingia kwa kioo kilichovunjika,
wakili mmoja amejifunika joho hadi masikioni.
Jaji alipofika kwenye neno lenyewe
koo lilimkwaruza, akaomba maji,
akaletewa ya dukani, yenye muhuri.
Akanywa. Akasema: haukinzani.
Mkataba haukinzani na katiba.
Neno kavu kama gome la mkaratusi,
na nyuma ya ukumbi mtu akashusha pumzi
kama anayetua mzigo asiojua ataubeba tena saa ngapi.

Alinikuta dirishani kwangu.
"Haukinzani, ndiyo tumeshinda?"
"Ndiyo kusema mlango upo."
"Uko wazi?"
"Upo, mama."
Akacheka kidogo, kwa pua.
Nilidhani atadai chupa yake, nikatayarisha jibu,
kifungu na kanuni ndogo, hairudishwi mpaka kesi iishe.
Hakuidai.
Akafungua kikapu, chini ya ndizi akatoa nyingine,
ya leo asubuhi, kabla jogoo hajawika,
nayo ilikuwa nyeusi zaidi.

Nikafungua ukurasa. Kalamu iligoma, nikaipulizia.
Kielelezo P5. Maji. Nusu lita.
"Ngoja," akasema. "Geuza kitabu nione."
Miaka kumi na tisa niko dirisha hili,
wameweka vidole gumba, wameweka chozi,
hakuna aliyewahi kuniambia nigeuze kitabu.
Nikakigeuza.
Akasoma polepole, kidole kikitangulia macho,
kikasimama juu ya neno moja kikaligonga.

"Umeandika maji."
"Si maji?"
"Ni Lufumbi. Kina jina.
Kifute hicho, uandike vizuri."

Kitabu cha mahakama hakifutwi.
Nilikata kwa mstari mmoja, kama inavyotakiwa,
nikaandika juu yake, herufi kubwa,
tukatia sahihi pembeni,
mimi, na yeye.